Ndege ya ndugu Wright: ya London au ya Washington, ipi ndiyo yenyewe?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Uingereza na familia yangu. Wakati wa likizo niliwapeleka wanangu kwenye Makumbusho ya Sayansi ya London, na huko tukaiona ndege ya ndugu Wright, ile ya mwaka 1903. Nilipomtumia picha shemeji yangu anayeishi Maryland, Marekani, alicheka na kuniambia kwamba ile ni bandia, yenyewe iko Washington, mwendo mfupi kutoka kwake. Halafu akaongeza kwamba hata hiyo ya Washington kitambaa chake si cha zamani. Sasa mwanangu wa miaka 10 hanipi nafasi ya kupumua: kama moja ni ya kuigiza na nyingine imevishwa nguo mpya, ile iliyoruka iko wapi? Na kwa nini London nao wawe na yao?

JIBU: Marahaba. Shemeji yako amesema kweli, isipokuwa katika neno moja, nalo ni hilo la "bandia". Ndege iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 imo Washington, katika makumbusho ya taifa ya usafiri wa anga yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian. Mliyoiona London ni nakala iliyotengenezwa mwaka 1948 na wanafunzi wa shule ya ufundi ya kampuni ya ndege ya de Havilland. Bandia ni kitu kilichotengenezwa ili kikudanganye, ilhali nakala ile haijawahi kujifanya kitu kingine. Tena imesimama mahali penye haki ya kuwa na kumbukumbu ya ndege hii, kwa sababu kama ungewapeleka wanao katika makumbusho hayo hayo mwaka 1930, mngeikuta yenyewe. Ndege ya kwanza ya Wamarekani ilikaa Uingereza miaka 20, na iliyoipeleka huko ni hasira ya mtu mmoja juu ya maneno ya kibao cha maelezo. Nitafika huko, lakini kwanza nimjibu mwanao, maana swali lake ndilo gumu zaidi.

Ili kujua kilichobaki ni lazima tujue kilichokuwapo. Wilbur na Orville Wright walikuwa na karakana ya baiskeli mjini Dayton, Ohio, na ndege yao inaonyesha kazi ya watu wa baiskeli kila unapoitazama. Mifupa yake ni ya mbao, nyingi zikiwa za mti wa sprusi, ambao ni mwepesi na mgumu kwa uzito wake, na mahali panapotakiwa kupinda pamewekwa mti wa ashi. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha, yameunganishwa kwa nguzo za mbao na nyaya zilizokazwa. Mashine nzima bila mtu ilikuwa na uzito wa kilo 274. Injini yenye nguvu za farasi 12 tu ilichongwa na fundi wao, Charles Taylor, kwa muda wa wiki chache, na bloku yake iliyeyushwa kwa alumini ili kupunguza uzito. Nguvu ya injini ilipelekwa kwa minyororo hadi kwenye rafadha mbili za mbao, yaani mapanga yanayozunguka kuisukuma ndege, zilizo nyuma ya mabawa, kama vile mnyororo wa baiskeli unavyopeleka nguvu ya pedali kwenye gurudumu. Rubani hakuketi. Alilala kifudifudi juu ya bawa la chini, kiuno kikiwa ndani ya fremu ndogo ya mbao, na aliposogeza kiuno kushoto au kulia, nyaya zilivuta ncha za mabawa zikapinda, na ndege ikainama upande alioutaka.

Kuna jambo moja ambalo mimi, niliyekula ujana wangu nikikaza nati za ndege, huwa silipiti bila kulisimulia. Injini iliwekwa kulia kwa rubani, na ilikuwa nzito kuliko yeye. Bila hesabu nyingine, ndege ingelalia upande huo wa kulia. Basi ndugu hawa walilirefusha bawa la kulia kwa takriban sentimita 10 kuliko la kushoto ili lipate nguvu zaidi ya kubeba uzito ule. Mtu anayebahatisha hafanyi jambo kama hilo.

Siku yenyewe, pale Kill Devil Hills karibu na kijiji cha Kitty Hawk, North Carolina, ndege iliruka mara nne. Mara ya kwanza Orville alikaa hewani sekunde 12 na kwenda mita 36 na nusu hivi, mwendo ambao ni mfupi kuliko ndege kubwa za abiria za leo zilivyo ndefu. Mara ya nne Wilbur alikaa sekunde 59 na kufika mita 260. Wakiwa bado wamesimama wakiongea juu ya ruko hilo la mwisho, upepo mkali uliinyanyua ndege, ukaibingirisha mchangani. John Daniels, mmoja wa wafanyakazi wa kituo cha uokoaji wa baharini aliyekuwa amepiga ile picha mashuhuri asubuhi hiyo, alijaribu kuizuia akabingirishwa pamoja nayo, akatoka na michubuko. Mbavu za mabawa zilivunjika, nguzo zilivunjika, bloku ya injini ikapasuka. Ndege ile haikuruka tena kamwe. Maisha yake yote hewani hayafiki dakika mbili.

Hapo ndipo linapoanza swali la mwanao. Mabaki yalitiwa ndani ya makasha, yakapelekwa Dayton na kuwekwa kibandani nyuma ya duka, wala wenyewe hawakuyaona kama hazina, kwa kuwa akili yao ilikuwa kwenye ndege ya mwaka 1904 na ile ya 1905. Mwaka 1906 walikopesha krankishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na flaiwili (gurudumu lake zito) kwa maonyesho ya klabu ya ndege mjini New York, na vyuma hivyo havikurudi hadi leo. Machi 1913 mafuriko makubwa yaliikumba Dayton, na makasha yale yakazama katika maji na matope kwa siku kadhaa. Wilbur wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, alichukuliwa na homa ya matumbo mwezi Mei 1912 akiwa na miaka 45. Ni Orville peke yake aliyefungua makasha mwaka 1916, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kilipotaka kuionyesha ndege wakati wa kuzindua majengo yake mapya. Akasafisha matope, akatengeneza mbavu zilizovunjika na vipande vingine, na pale injini ilipopungukiwa akakamilisha kwa sehemu za injini iliyofuata baada ya ile ya kwanza.

Kitambaa nacho kina hadithi yake. Kile cha mwaka 1903 kilikuwa cha pamba, chepesi na kisichopaushwa, kilichouzwa madukani Marekani kwa jina la "Pride of the West", cha kushonea nguo za ndani za wanawake. Wazee wetu wa pwani wangekitambua mara moja, maana ni jamaa ya ile bafta ya Marekani iliyofika Zanzibar kwa majahazi na meli za Salem tangu karne ya 19 hata ikapewa jina la nchi ilikotoka, merikani. Ndugu Wright walikishona kwa cherehani, wakakikata kwa mshazari ili nyuzi zenyewe zisaidie kukaza umbo la bawa, na hawakukipaka rangi wala dawa yoyote. Kitambaa kama hicho kilichokwisha kulala kwenye tope hakiwezi kudumu. Kabla ya ndege kupelekwa Uingereza, Orville na wasaidizi wake waliivua na kuivisha kitambaa kipya cha aina ile ile mwaka 1927. Mwaka 1985 mafundi wa Smithsonian waliitengua, wakaisafisha kipande kwa kipande, na wakaivisha tena upya. Kwa hiyo nguo anayoiona shemeji yako leo ni ya mwaka 1985, na ni nguo ya tatu.

Je, hiyo ndiyo yenyewe? Jibu langu ni ndiyo, na silisemi kwa kumpendelea mtu. Kitambaa katika ndege za aina hii ni kitu cha kubadilishwa, kama tairi, na hakuna fundi wa zama zile aliyetarajia kikae milele. Muulize nahodha yeyote wa jahazi kule Lamu au Bagamoyo. Chombo hupandishwa ufukweni, hutolewa mbao zilizooza, hutiwa kalafati upya, tanga hubadilishwa kila lichakaapo, na bado ni chombo kile kile chenye jina lile lile, kwa sababu hakikuwahi kutoweka kikaja kingine mahali pake. Hata katika ndege za leo, injini huondolewa na kufungwa nyingine, mabawa hubadilishwa paneli, lakini kitabu cha kumbukumbu za matengenezo kinaifuata ile bodi, na bodi hiyo ndiyo tunayoiita ndege. Bodi ya ndege ya Wright ni mbao zake, na sehemu kubwa ya mbao zile ni zile zile zilizonyanyuka Kill Devil Hills. Tunajua ilikuwa kwa nani mwaka hadi mwaka, tangu kibanda cha Dayton. Nakala ya London, hata ikipimwa ikafanana kwa kila milimita, haina mwaka 1903 ndani yake. Ilizaliwa 1948.

Kwenye injini, nakiri, msimamo wangu unalegea. Injini iliyokosa bloku yake ya awali, krankishafti yake na flaiwili yake, mimi nisingeiandika kwenye kitabu kuwa ni ile ile.

Sasa nije London. Katika miaka ile ile ambayo ndugu Wright walikuwa wakirusha tiara mchangani, Katibu wa Smithsonian, yaani mkuu wake, mwanasayansi mashuhuri Samuel Langley, alikuwa akijenga ndege yake aliyoiita Aerodrome, kwa dola 50,000 za idara ya vita ya Marekani. Ndugu Wright walitumia pesa za duka la baiskeli, chini ya dola 1,000. Aerodrome ilirushwa kutoka juu ya boti katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903 ikatumbukia majini, na tarehe 8 Desemba ikavunjika wakati wa kuruka, rubani wake Charles Manly akaponea chupuchupu kuzama. Siku tisa baadaye ndugu wa Dayton waliruka. Langley alikufa mwaka 1906 akiwa amedhihakiwa na magazeti, na rafiki zake katika taasisi walibaki na uchungu wa kutaka kumrudishia heshima.

Nafasi waliipata mwaka 1914. Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege aliyekuwa ameshindwa mahakamani na ndugu Wright katika kesi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, alipewa na Smithsonian dola 2,000 na mabaki ya Aerodrome ili aijaribu upya kwenye ziwa Keuka, huko Hammondsport, New York. Zingatia maslahi yaliyokuwapo: kama ingethibitika kwamba mashine iliyoitangulia ile ya ndugu Wright iliweza kubeba mtu, hoja za kuipunguza nguvu hataza ile zingepata msingi. Aerodrome iliruka kidogo juu ya maji, sekunde chache chache. Lakini ilikuwa imebadilishwa, imefungwa maboya ya kuelea, imeimarishwa mabawa, na mambo mengine mengi hayakuwa kama Langley alivyoyaacha. Smithsonian ilitangaza kwamba majaribio yamefaulu, haikuyataja mabadiliko hayo kwa namna inayostahili, kisha ikairudisha mashine katika umbo lake la mwaka 1903 na kuiweka katika maonyesho pamoja na kibao kilichosema kuwa ilikuwa ndege ya kwanza katika historia ya dunia yenye uwezo wa kuruka huru ikiwa na mtu.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba Orville alikuwa mtu wa kinyongo. Huenda. Lakini jiweke mahali pake, nduguyo amelala kaburini, na taasisi kubwa kuliko zote za elimu nchini mwako inawafundisha watoto wa shule kwamba mlichokifanya ninyi wawili kilikuwa kimekwisha kuwezekana. Aliomba uchunguzi usioegemea upande, hakuupata. Mwaka 1925 alitangaza kwamba ataipeleka ndege nje ya nchi, na mwanzoni mwa 1928 akatimiza. Makumbusho ya Sayansi ya London yaliipokea na kuionyesha kwa heshima. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, ilihifadhiwa chini ya ardhi pamoja na hazina nyingine za Waingereza, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka London.

Kilichovunja ugomvi ni karatasi. Mwaka 1942, Katibu mwingine wa Smithsonian, Charles Abbot, alichapisha taarifa iliyoorodhesha moja baada ya jingine mabadiliko yaliyofanywa Hammondsport, akayaondoa madai ya zamani na kuonyesha masikitiko kwa yaliyotokea. Orville, mtu wa maneno machache, aliridhika, na mwaka uliofuata aliwaandikia London kwamba ndege irudi nyumbani vita vikiisha. Mwenyewe hakuiona ikirudi. Alifariki tarehe 30 Januari 1948. Novemba mwaka huo ndege ilipakiwa ndani ya meli Mauretania, na kwa kuwa wafanyakazi wa bandari za mashariki mwa Marekani walikuwa kwenye mgomo, ikateremshwa Halifax, Kanada, ikachukuliwa na meli ya jeshi la wanamaji la Marekani na kumaliziwa safari kwa lori. Tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili tangu iruke, ilikabidhiwa Washington mbele ya umma. Nafasi iliyoachwa wazi London ndiyo iliyojazwa na nakala mliyoiona.

Wasimamizi wa mirathi waliiuza kwa Smithsonian kwa dola moja, lakini kwa sharti. Taasisi na warithi wake wasichapishe wala kuruhusu kibao chochote kisemacho kwamba ndege nyingine kabla ya hii ya 1903 iliweza kumbeba mtu na kuruka kwa nguvu zake yenyewe ikiongozwa. Wakilivunja sharti hilo, ndege inarudi kwa warithi. Watu wanaomtetea Gustave Whitehead, Mjerumani aliyehamia Connecticut na anayedaiwa kuruka mwaka 1901, huutumia mkataba huu kusema kwamba Smithsonian imefungwa mdomo. Maoni yangu ni kwamba sharti lile ni baya kwa taasisi ya elimu, kwa sababu linaitia doa hata inaposema kweli. Hata hivyo ushahidi wa Desemba 1903 hausimami juu ya mkataba. Kuna picha ya Daniels iliyopigwa ndege ikiwa hewani, kuna shajara ya Orville, na kuna mashahidi watano waliokuwapo. Kwa Whitehead hakuna picha hata moja ya ndege yake ikiwa inaruka.

Mwanao akitaka kujua kitambaa cha kwanza kilikwenda wapi, mwambie kwamba kilichosalia kilikatwa vipande na vipande hivyo vimesafiri kuliko ndege yenyewe. Neil Armstrong alichukua kipande cha kitambaa cha bawa la kushoto na kipande cha mbao ya rafadha hadi mwezini mwaka 1969. Kipande kingine kidogo sana, kilichotolewa na makumbusho ya Dayton, kilifungwa kwenye helikopta ndogo Ingenuity iliyoruka juu ya sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021. Na kama siku moja mtamtembelea shemeji, mwombe awafikishe Dayton pia. Huko ipo ndege yao ya mwaka 1905, ambayo Orville mwenyewe alishiriki kuirejesha katika hali yake, na ambayo tarehe 5 Oktoba 1905 ilizunguka angani dakika 39 na kwenda kilomita 39. Kama ningepewa nafasi ya kuigusa moja tu, ningeigusa hiyo, kwa sababu ile ya 1903 ilionyesha kwamba inawezekana kuruka, na hii ilikuwa ya kwanza ambayo mtu angeweza kuitumia.

Lakini nakala ya London msiidharau. Kwa kuwa imefuata umbo la ile halisi, inatosha kabisa kujifunzia. Mkirudi, mwambie kijana aifuate ile minyororo miwili kutoka kwenye injini hadi kwenye rafadha. Mmoja unakwenda moja kwa moja, na wa pili umepindishwa katikati ukakatizana wenyewe mfano wa tarakimu 8, jambo ambalo fundi wa baiskeli hawezi kulifanya kwenye baiskeli. Azitazame rafadha zote mbili kwa makini, afikirie kwa nini waliupindisha, kisha jibu aniandikie yeye mwenyewe.